Petroli ya Mama Mkwe

Ninyi vijana wa gereji za siku hizi mna kidude mnachochomeka chini ya usukani, kinawaka taa, kisha kinawaandikia ugonjwa wa gari kwenye simu. Sina wivu. Haya basi, nina wivu kidogo. Sisi tulikuwa na masikio mawili na kipande cha bomba la mpira, upande mmoja kwenye engine na upande wa pili sikioni, na mwenzako akipiga honi kabla hujalitoa, unakuwa kiziwi mpaka kesho yake. Lakini nimefanya kazi pale Nyamasaria miaka thelathini na ushee, na nawaambia kuna ugonjwa wa gari ambao kidude chenu hakitauandika kamwe. Nitawaeleza. Ila kwanza inabidi niwaeleze habari za kugonga, halafu za mama mkwe wangu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Jaswant, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa Kisumu, ambaye Dholuo chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Siku yangu ya tatu gerejini, alichukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga, akatia njugu mbichi konzi moja, akautikisa mbele ya pua yangu.

"Hii iko petroli," akasema.

Kisha akapiga meza kwa ngumi, du, du, du.

"Hii iko bearing. Wewe nachanganya hii mbili, wewe nafungua engine ya watu bure. Halafu mwenyewe nakuja na polisi."

Akala zile njugu, somo likaisha. Sijawahi kupata somo bora kuliko lile. Kugonga kwa chini, kuzito, ni vyuma vimelika na engine inakufa kweli. Kugonga kwa juu, kwepesi, kunakokuja ukipanda mlima na kupotea ukiachilia mafuta, mara nyingi ni petroli inayojiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Inalipukia pembeni, na pistoni inapigwa kofi wakati haijajiandaa. Ukiliacha liendelee miezi na miaka, lile kofi hutoboa pistoni. Kwa hiyo si jambo la kupuuza, lakini pia si jambo la kumfanya mtu auze gari lake kwa kilo.

Na hapo ndipo inapokuja oktani. Watu wengi wanadhani petroli ya oktani ya juu ina nguvu zaidi. Hapana. Ina subira zaidi. Inabanwa, inapashwa moto, lakini inangoja plagi iseme. Gari la zamani ambalo halibani sana halihitaji subira yote hiyo.

Kulikuwa na mkubwa mmoja wa Milimani, na sitamtaja hata kwa herufi, ambaye alikuwa na salun ndogo ya Kiingereza, ya zamani, iliyong'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Alikuwa akiijaza ile petroli ya bei ya juu kuliko zote, kisha anakuja kunilaumu kwamba haikimbii. Nikamfungulia kitabu cha gari, nikamwonyesha kwa kidole chenye grisi kwamba engine yake ingefurahi kunywa petroli ya chini kabisa iliyokuwa ikiuzwa wakati huo. Akakitazama kile kitabu kwa uchungu mwingi.

"Fundi," akasema, "sasa majirani wataniona aje pale kwa pampu?"

Hilo halikuwa kwenye kitabu.

Mwingine alikuwa Mzee Karanja, aliyetoka Limuru kuja kuuza viazi na karoti hapa mjini. Pikapu yake ilikuwa kimya kule kwao, lakini ilipofika Kisumu ikaanza kutikisa njugu. Alibadilisha kituo cha petroli mara nne. Akaanza kunisimulia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu sokoni hapendi viazi vyake. Mimi nikatazama taimingi, ile saa ya plagi kuwaka, nikacheka. Fundi wa Limuru alikuwa ameivuta mbele sana. Kule juu hewa ni nyepesi na baridi, gari linavumilia. Huku ziwani hewa ni nzito na joto ni la kupikia, kwa hiyo plagi ile ile, ikiwaka saa ile ile, inakuwa imewahi. Nilirudisha taimingi nyuma kidogo, unene wa ukucha tu. Mzee Karanja akasikiliza, akavua kofia, akasema anaenda kumwomba mtu msamaha. Mpaka leo sijui ni nani, ila nilipewa gunia la viazi.

Kwa hiyo mnaona, nilikuwa nimeanza kujulikana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, nilijua vitabu, nilijua mlima, nilijua njugu na ngumi. Kichwa kilikuwa kimevimba. Ndipo nikamchumbia Akinyi, binti wa nesi mmoja wa Kombewa, na mama yake akaleta gari.

Lilikuwa stesheni wagoni la Kifaransa, la rangi ya maziwa, refu mpaka ukilipaki unaona aibu. Lilikuwa la marehemu Baba Akinyi, karani wa bandarini aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mama alikuwa akiliendesha kila Jumamosi kutoka Kombewa, anapitia mjini, anapanda mlima wa Riat kwenda kumwona dada yake Kiboswa. Na kila Jumamosi, alisema, likifika mlimani linagonga. Fundi mmoja wa huko kwao alikuwa amesikiliza kwa dakika moja, akatikisa kichwa, akasema engine imekwisha, auze. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa ameshakuja kulipima kwa macho. Mama alikuwa amemwambia arudi mwisho wa mwezi.

Muelewe kilichokuwa mezani hapo. Lile gari ndilo kitu cha mwisho cha mumewe ambacho bado kilikuwa kikitembea. Kama lingekatwakatwa na mimi niko pale, fundi, mkwe, mwenye sifa mji mzima, ningeingia katika ile familia na aibu ambayo hata wajukuu wangeirithi. Nilikuwa naogopa, nasema wazi.

Na sasa ndio mjue taabu yangu. Kwetu Wajaluo, mkwe na mama mkwe hukaa mbali kwa heshima. Hamshikani mikono. Hamli mkitazamana. Hata kuzungumza, mnatafuta mtu wa kupitishia maneno. Na kuketi naye ndani ya gari moja, bega kwa bega, goti lako na lake vikitenganishwa na gia tu? Yawa! Hata kulifikiria nilijikuta natoka jasho.

Kwa hiyo kila alipoleta gari, alishuka na kuketi kwenye kiti upande ule wa ua, mimi nikasimama upande huu, na Akinyi katikati kama wavu wa mpira.

"Akinyi," Mama akasema akiangalia ukuta, "ambia fundi hii gari bado inagonga."

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake.

"Akinyi, ambia Mama nimeipeleka Riat mara tatu na haigongi."

"Ambia fundi, kwani mimi naota?"

"Ambia Mama sijasema anaota. Nasema mimi sisikii."

"Ambia fundi mtu hasikii anaenda kuoshwa masikio. Aje hospitali, mimi mwenyewe nitaosha."

Akinyi alikuwa amechoka kugeuza shingo. "Nyinyi wote mmesikia," akasema. "Mimi naenda kununua soda."

"Kaa hapo!" tukasema wote wawili kwa pamoja, na hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mimi na mama mkwe wangu tulikubaliana.

Nilibadilisha plagi. Nikasafisha kabureta. Nikapanda Riat peke yangu, kimya. Nikafungua kichwa cha engine, nikakwangua masizi yote juu ya pistoni, maana masizi yakijaa nafasi inapungua, petroli inabanwa zaidi, na gari lililokuwa likivumilia linaanza kugonga. Kitu cha kukumbuka hicho, kwa magari ya zamani. Nikafunga, nikapanda Riat, kimya kabisa, engine inaimba. Nikarudisha gari nikiwa na furaha. Jumamosi iliyofuata, Akinyi akaja na ujumbe.

"Mama anasema inagonga. Anasema pia yule mtu wa vyuma amepiga simu hospitali."

"Ameweka petroli gani?"

"Ile ya kawaida. Si wewe ndio ulisema kitabu inasema kawaida inatosha?"

Ni kweli nilisema. Kitabu kilisema hivyo, na mimi nilikuwa nakiamini kitabu kama hati ya kuzaliwa. Enzi hizo pampu zilikuwa mbili, ya kawaida na super, si kama sasa ambapo ya kawaida imekufa na mnachagua kati ya super na ile yenye jina la kifahari. Nikaenda kumlilia Bwana Jaswant. Alikuwa anakula njugu, kama kawaida.

"Wewe napanda mlima, gari nyamaza," akasema. "Mama napanda mlima, gari nalia. Mlima iko moja. Gari iko moja. Sasa nini iko mbili?"

Nikafikiri. Nikapata jibu, na jibu likanitisha kuliko swali.

"Dereva," nikasema.

"Basi enda kaa kando yake, sikia."

"Bwana Jaswant, huyo ni mama mkwe!"

Akaacha kutafuna. Mtu aliyekulia Kisumu hahitaji kuelezwa. Akanitazama kwa huruma kubwa, akanipa njugu zilizobaki.

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho ya ule mwezi, nilipanda baiskeli mpaka Riat, nikaificha, nikaingia ndani ya shamba la mahindi lililokuwa kwenye ile kona ambapo mlima unaanza kukaza. Nikachuchumaa na kofia yangu nyekundu kichwani, maana akili zote nilikuwa nimezipeleka masikioni. Sikukaa sana kabla fimbo haijanigusa mgongoni. Alikuwa mwenye shamba, mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa.

"Wewe! Unaiba mahindi?"

"Hapana, Mama. Nasikiliza gari."

"Gari ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu."

Alifikiri kidogo. "Unajificha kwa mahindi yangu kuchungulia mama mkwe?"

"Si kuchungulia! Kusikiliza!"

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema, na akainua fimbo vizuri. Nadhani ningepigwa ile siku kama stesheni wagoni lisingetokea. Nikamwonyesha kwa kidole, tukanyamaza wote wawili, na yeye akachuchumaa kando yangu kwa udadisi.

Lilikuja kwa gia ya nne, mwendo wa tambarare. Lilipofika kwenye kona likaanza kuchoka. Halafu nikasikia kitu cha ajabu. Engine ilipanda sauti ghafla, vuuu, kama mtu amekanyaga klachi ili abadilishe gia. Ikabaki juu hivyo, kidogo, kama mtu anayengoja. Kisha klachi ikaachiliwa, na gari likarudi kwenye gia ile ile ya nne, likajikokota kupanda, na mkebe wa njugu ukaanza. Kachakachakacha, mpaka juu.

"Hiyo gari inataka tatu," akasema mwenye shamba.

Hata yeye alijua.

Sasa fikirieni. Ugonjwa nimeupata: gari linabebeshwa mlima kwa gia ya juu, engine inazunguka polepole chini ya mzigo, joto linapanda, na petroli ya kawaida inakosa subira. Dawa ni gia ya tatu. Lakini nani atamwambia? Nimwite Akinyi nimwambie, "Ambia Mama hajui kuendesha"? Mjane? Gari la mumewe? Ningeoa mtu mwingine katika kaunti nyingine.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Nikaacha kutafuta petroli ya lile gari, nikatafuta petroli ya mama mkwe. Jioni ile, alipopitia gerejini, nilirudisha taimingi nyuma kidogo, ukucha wa Mzee Karanja. Kisha nikachukua karatasi, na kwa kuwa alikuwa nesi, nikaandika kama daktari, kwa mwandiko mbaya makusudi: *Super. Kila inapojazwa. Isichanganywe na nyingine. Isikatishwe hata ukiona nafuu.*

"Ambia fundi super ni ya watu wa Milimani," Mama akasema. Lakini akaitazama ile karatasi, akaipindua, akaitazama tena. Maisha yake yote alikuwa amezoea kutii mwandiko wa namna ile. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Jumatatu Akinyi alikuja akikimbia. "Mama anasema jana amepanda Riat na imenyamaza! Amefukuza yule mtu wa vyuma na ufagio!"

Nililia, vijana wangu. Nilijifungia kwenye choo cha gereji nikalia kwa furaha, na Bwana Jaswant akagonga mlango akiuliza kama ni bearing au petroli.

Tukaoana. Gari likaendelea kuwa kimya miaka na miaka. Lilipokuja mara moja likiwa linagonga tena, nilinusa tangi, nikakuta petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa kutoka kwa mtu wa mitungi kando ya barabara. Mafuta ya taa yanaua oktani upesi sana. Kumbukeni kunusa, pua bado haihitaji chaja. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonisumbua miaka yote hiyo. Ile klachi. Mtu asiyejua kubadilisha gia hakanyagi klachi. Na aliyekanyaga kwa nini asibadilishe? Sikuwa na njia ya kuuliza, na Akinyi hangekubali kuwa wavu wa swali lile.

Nilifunga gereji juzi juzi. Wiki hiyo hiyo Mama akatuita Kombewa. Sasa ana miaka karibu themanini, magoti yamechoka, na alikuwa ameamua kumwachia Akinyi lile gari. Tulikaa kama siku zote, viti mbalimbali uani, Akinyi katikati, sasa naye ni nyanya.

"Akinyi," Mama akasema, "nenda chemsha chai."

"Mama, thamosi imejaa."

"Chemsha ingine."

Akinyi akaenda. Nilishtuka, nikatazama viatu vyangu. Kisha nikasikia akiniita, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Owuor. Ile siku Riat niliona kofia yako kwa mahindi."

Nilitamani ardhi ipasuke, niingie na kofia yenyewe.

"Nilijua umesikia," akaendelea. "Na hukusema. Ukaniandikia dawa. Ero kamano, asante. Lakini usidhani mimi ni mjinga, gia ya tatu nilijua iko wapi. Baba Akinyi ndiye alinifundisha gari. Nilikuwa naogopa mlima, naogopa kuachilia usukani. Akaniambia, wewe kazi yako klachi, gia niachie. Basi tukifika pale kwa kona nakanyaga, yeye ananyoosha mkono, anarudisha tatu. Miaka kumi na minne. Alipokufa..." Akapangusa magoti. "Alipokufa nilikuwa nafika pale nakanyaga, nangoja."

Mambo yote niliyojua kuhusu lile gari, plagi, masizi, taimingi, oktani, na hilo ndilo lilikuwa limenipita. Hiyo ndiyo kazi ninayowaachia, vijana. Kabla hujachagua petroli ya gari la zamani, usiulize tu linabana kiasi gani. Uliza linapanda wapi, linaendeshwa na nani, na nani alikuwa akiketi kando yake.

"Nataka kuiendesha mara ya mwisho mpaka kwa dada yangu," Mama akasema. Akainuka, akafungua mlango wa dereva. Mimi nikafungua wa nyuma, kwa adabu.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "keti mbele. Mimi ni mzee sasa. Mungu hatakasirika."

Nikaketi mbele, Akinyi tukamwacha jikoni na chai yake. Nilijibana kwenye mlango mpaka kitasa kikaacha alama kwenye mbavu zangu, kutoka Kombewa mpaka Mamboleo. Pale Riat mahindi hayapo tena, ni nyumba za kupangisha mpaka kwenye kona. Gari likaanza kuchoka. Nikamwona akinyoosha mguu, akakanyaga klachi, engine ikapanda sauti. Macho yake yalikuwa barabarani, mikono yote miwili kwenye usukani. Akangoja.

Nikanyoosha mkono, nikairudisha tatu.

Akaachilia klachi. Gari likapanda polepole, bila njugu hata moja. Tulipofika juu alipangusa macho kwa kiganja, akakohoa, akasema huku akiendelea kutazama mbele:

"Ukifika nyumbani, ambia Akinyi gari imepona."